Hema la Rufaida

Ndugu yangu wa Mbinga na mwambao wa Nyasa, mzazi amepooza, nawe unaogopa ukimpeleka kwa wauguzi wa Litembo au Liuli watu watasema umemtupa. Tena hospitali za misheni!

Turudi Madina, mwaka wa 5 Hijria. Saad bin Muadh (r.a.) alipigwa mshale katika vita vya Handaki. Jamaa zake walikuwepo, lakini Mtume (s.a.w.) aliagiza awekwe hemani kwa Rufaida al-Aslamiyya, mwanamke aliyejua kutibu majeraha. Hema lilikuwa msikitini, ili amtembelee kwa karibu. Asubuhi na jioni akipita, alimuuliza hali.

Basi uliza mawili: nani anajua kumgeuza mzee asipate vidonda vya mgongo, na wewe utafika mara ngapi? Mkazi wa Mbamba Bay, Liuli iko ufukweni. Litembo ni kupanda milima.