Namba Mbili za Mwaka 1952

Ukimuuliza mtoto wa shule wa Moshi urefu wa Mlima Kilimanjaro, atakutajia mita 5895. Namba hiyo ilitokana na upimaji wa Waingereza mwaka 1952. Ramani za enzi ya Wajerumani zilikuwa zimeandika 6010, na vipimo vya satelaiti vya mwaka 1999 vikashuka hadi 5892.

Kwa anayependa hesabu, 5895 na 5892 zina ujirani wa kuvutia. Zote zimo kati ya 5881 na 5897, ambazo ni namba tasa: hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Katikati yao hakuna namba tasa hata moja. Ndiyo, 5891 na 5893 zinaonekana ngumu, lakini ya kwanza ni 43 mara 137, na ya pili ni 71 mara 83.

Mwaka huohuo wa 1952, usiku wa Januari 30, kompyuta iitwayo SWAC huko Los Angeles ilithibitisha kwamba 2 kwa kipeo cha 521, ukitoa 1, ni namba tasa. Ina tarakimu 157. Programu iliandikwa na Raphael Robinson, ambaye hakuwa ameiona mashine yenyewe. Alitegemea kitabu cha maelekezo yake. Naiona kazi hiyo kuwa ya kustaajabisha hadi leo.

Namba za umbo hilo zina jina la mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliyeandika kuzihusu mwaka 1644. Kipeo lazima kiwe namba tasa, ila hilo peke yake halitoshi: 11 ni tasa, lakini 2 kwa kipeo cha 11 ukitoa 1 ni 2047, yaani 23 mara 89. Kipimo kamili kilianzishwa na Édouard Lucas, kisha D. H. Lehmer akakinyoosha. Mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kukijaribu kwa 31, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 5 ukitoa 1. Anza na 4. Zidisha namba kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 31, chukua baki. Utapata 14, halafu 8, halafu 0. Sifuri ikitokea katika hatua ya tatu, yaani kipeo ukitoa 2, namba ni tasa. Kwa kipeo cha 521, hatua ni 519.

Kimo cha Kilimanjaro kitaendelea kupimwa kila vifaa vinapoboreka. Jibu la SWAC halihitaji kurudiwa, na limepata kazi ambayo Robinson hakuifikiria: mwaka 2000 Marekani iliitumia namba ileile ya tarakimu 157 katika kiwango chake cha sahihi za kidijitali, kwenye mkunjo wa kihisabati uitwao P-521, ambao kompyuta za leo bado zinautumia.