Mshiko na Mkao katika Gofu: Historia Fupi na Tatizo la Istilahi

Klabu ya gofu ya Nairobi iliasisiwa mwaka 1906. Kwa hiyo mchezo huu si mgeni Afrika Mashariki. Hata hivyo, mfasiri akabidhiwapo kitabu cha kuufundisha, hukwama kabla mpira haujapigwa. Hukutana na kitenzi cha Kiingereza ambacho ofisini huhusu anwani, na jukwaani huhusu hotuba. Akifuata kamusi bila kuuliza historia, atamwamuru mchezaji auhutubie mpira.

Asili ya kitenzi hicho ni Kifaransa, na nyuma yake Kilatini, chenye maana ya kunyoosha na kuelekeza. Barua huelekezwa kwa mtu, hotuba huelekezwa kwa watu, na mchezaji hujielekeza kwa mpira wake. Kwa sababu hiyo twapendekeza *kuukabili mpira*. Mtafsiri wa sheria azingatie pia kwamba, kabla ya mwaka 2012, kwa kawaida mchezaji alihesabiwa kuwa ameukabili mpira akishasimama tayari na kutuliza fimbo chini. Tangu mwaka huo kutuliza fimbo pekee kulitosha, na mwaka 2019 istilahi hiyo iliondolewa katika sheria. Walimu bado wanaitumia.

Tuje kwenye *mshiko*. Zamani, mipini ya fimbo ilipokuwa minene, wachezaji wengi waliishika kwa viganja, mikono ikifanya kazi kila mmoja peke yake. Mskoti Johnny Laidlay, bingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Uingereza mwaka 1889 na 1891, alikilaza kidole cha mwisho cha mkono wa kulia juu ya mkono wa kushoto. Mshiko huo ulienezwa na Harry Vardon, mzaliwa wa kisiwa cha Jersey, aliyeshinda mashindano ya wazi ya Uingereza mara 6 kati ya 1896 na 1914. Ndiyo maana duniani unaitwa kwa jina la Vardon, ijapokuwa si yeye aliyeuanzisha. Sisi twaona ni heri jina lieleze kitendo: *mshiko wa kulaza kidole*. Ule wa kupitisha kidole kati ya vidole vya mkono mwingine, alioutumia Jack Nicklaus, uwe *mshiko wa kuumanisha*; na usio na lolote kati ya hayo uwe *mshiko wa vidole kumi*.

Hatari kubwa zaidi imo katika sifa mbili ambazo Kiingereza huzipa mshiko: wa nguvu na dhaifu. Hapo nguvu haihusu kukaza hata kidogo. Inahusu jinsi mikono ilivyozungushwa juu ya mpini. Mwanafunzi akiambiwa "shika kwa nguvu" ataukaba mpini, mikono itakakamaa, na pigo litaharibika. Ben Hogan wa Marekani, aliyesumbuliwa na mipira iliyopinda kushoto, aliizungusha mikono yake kuelekea upande wa shabaha. Kwa Kiingereza aliudhoofisha mshiko, lakini hakuulegeza. Twapendekeza *mshiko wa kugeukia nyuma*, yaani mbali na shabaha, badala ya wa nguvu. Na *mshiko wa kugeukia mbele* badala ya dhaifu. Istilahi hizi zinamfaa hata atumiaye mkono wa kushoto.

Kuhusu mwili, neno *msimamo* limekwisha kulemewa na siasa. Lakini kwa mpango wa miguu bado lafaa. Umbo zima la mwili liitwe *mkao*. Hapa pia "inama" haitoshi, maana msikilizaji ataukunja mgongo. Kinachotakiwa ni kuinamia kwa nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, magoti yamelegezwa kidogo, na mikono ikining'inia kutoka mabegani. Kwa mtumia mkono wa kulia, bega la kulia hushuka kidogo, kwa kuwa mkono huo ndio ulio chini mpinini.

Katika kitabu chake cha mwaka 1957 chenye masomo matano, Hogan aliyatoa mawili ya kwanza kwa mshiko, msimamo na mkao. Ikiwa bingwa aliona maandalizi yastahili sehemu hiyo yote, nasi hatuna budi kuyapa maneno yasiyompoteza mwanafunzi. Istilahi ya kufundishia hupimwa kwa kile ambacho mwili wa msikilizaji utafanya baada ya kuisikia.