Mende na Madoadoa: Historia Fupi ya Maneno ya Chuki

Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Aliyejikwaa dole huumia peke yake, bali aliyejikwaa ulimi aweza kuwaumiza wengi. Katika makala haya tutatazama jinsi maneno ya kawaida yalivyogeuzwa kuwa silaha katika nchi mbili jirani zetu, Rwanda na Kenya, na jinsi watu walivyojaribu kuizuia silaha hiyo, tangu enzi ya redio hadi enzi ya intaneti.

Mwezi Julai 1993 redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza nchini Rwanda. Ilipiga muziki uliopendwa na kutumia lugha ya utani, kwa hiyo ilipata wasikilizaji wengi. Humo Watutsi waliitwa inyenzi, yaani mende, neno ambalo gazeti la Kangura lilikuwa limekwisha kulieneza. Mende hana jina wala mama, naye akifa hafanyiwi matanga. Aliyezoeshwa kumwita jirani yake hivyo alikwisha kuandaliwa asione kwamba anaua mtu. Mauaji ya kimbari yalipoanza mwezi Aprili 1994, redio hiyo hiyo ilitaja watu kwa majina ili wasakwe. Kwa muda wa siku 100 hivi waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 800,000 na milioni 1, wengi wao Watutsi.

Kesi ya waenezaji wa maneno hayo ilisikilizwa hapa kwetu Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 kwa ajili ya Rwanda. Tarehe 3 Desemba 2003 waasisi wawili wa RTLM na mhariri wa Kangura walitiwa hatiani. Katika hukumu ya rufani ya tarehe 28 Novemba 2007 adhabu zao zilipunguzwa, na majaji wakatenganisha mambo mawili: usemi wa chuki kwa upande mmoja, na uchochezi wa waziwazi wa mauaji ya kimbari kwa upande wa pili.

Haukupita hata mwezi mmoja. Tarehe 27 Desemba 2007 Wakenya walipiga kura, na matokeo yalipotangazwa zilizuka ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100. Safari hii sumu ilipita katika redio na pia katika simu za mkononi. Neno mojawapo lilikuwa la Kiswahili chetu: madoadoa. Doa ni alama katika nguo, nayo hufuliwa ikatoka. Jirani aliyehamia kutoka sehemu nyingine ya nchi akaitwa doa, na kwa kuitwa hivyo ikawa kana kwamba kumwondoa ni usafi.

Mwaka 2008 Kenya ilitunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ambayo ilifanya usemi wa chuki ya kikabila kuwa kosa la kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, watafiti wa Nairobi walianzisha mradi ulioitwa Umati. Wasomaji waliojua Kiingereza, Kiswahili, Sheng na lugha kadhaa za makabila walipitia yaliyoandikwa hadharani katika intaneti, wakayapima: anayesema ana uwezo gani juu ya wasikilizaji, anawaitaje wenzake, na anataka watendewe nini. Kazi hiyo ilihitaji binadamu, kwa kuwa mashine haikuweza kutambua lini doa ni la nguo na lini ni mtu. Waliona pia kwamba mahali fulani watumiaji wenyewe walimkemea mwenye kueneza chuki, hata akaomba radhi.

Mwezi Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ya Kenya ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa, na madoadoa yakawamo. Orodha yafaa, lakini haitoshi, maana neno likikatazwa leo, mwenye chuki hutafuta jingine kesho. Tena sheria ikipanuliwa mno, mwenye mamlaka aweza kumwita mkosoaji wake mchochezi. Ndiyo maana tofauti iliyowekwa Arusha haina budi kukumbukwa.

Basi, mlinzi wa kwanza ni yule aijuaye lugha, na shuleni huyo ni mwalimu. Mwanafunzi akileta darasani neno la dharau juu ya watu wa kabila, dini au mkoa fulani, yafaa aulizwe: neno hili linamfanya mtu kuwa kitu gani, na kitu hicho hufanywaje? Mende hupondwa, doa hufutwa. Mwanafunzi akijibu mwenyewe, atakuwa amejifunza kulitambua neno kama hilo hata litakapokuja kwa sura nyingine.