Nyumba ya Mwanafalaki wa Mfalme huko Greenwich

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba serikali kumjengea mtaalamu nyumba hakutoshi kuamua ni nani mwenye elimu inayozaliwa ndani yake. Mfano wetu ni Nyumba ya Flamsteed, iliyoko Greenwich, London.

Mnamo mwaka 1675 Mfalme Charles II wa Uingereza alimteua John Flamsteed awe mwanafalaki wake, kwa mshahara wa pauni 100 kwa mwaka. Kazi yake ilikuwa kusahihisha majedwali ya nyota ili mabaharia waweze kujua longitudo wakiwa baharini. Christopher Wren alichora ramani ya nyumba, na jiwe la msingi likawekwa tarehe 10 Agosti mwaka huo huo. Ujenzi uligharimu pauni 520 na ushei, fedha zilizopatikana kwa kuuza baruti iliyoharibika. Isitoshe, nyumba ilisimamishwa juu ya msingi wa mnara wa kale usioelekea kaskazini barabara. Kwa hiyo ukumbi wake mzuri wa pembe nane haukufaa kwa vipimo vilivyohitajiwa zaidi, na Flamsteed akalazimika kuvifanyia katika kijumba cha bustanini.

Lakini upungufu mkubwa zaidi ulikuwa wa ala. Serikali ilitoa paa, haikutoa ala. Baadhi alizipata kwa hisani ya mfadhili wake, Jonas Moore. Nyingine alizigharimia mwenyewe. Hapo ndipo ugomvi ulipopata mzizi. Isaac Newton alishikilia kwamba kazi ya mtumishi wa mfalme ni mali ya umma, na mwaka 1712 orodha ya nyota ikachapishwa, Edmond Halley akiwa mhariri, bila ya ridhaa ya Flamsteed. Baadaye Flamsteed alizipata nakala kama 300 kati ya 400, akazitia moto sehemu kubwa ya kurasa zake. Alipofariki mwaka 1719, mjane wake, Margaret, aliziondoa ala. Halley, aliyemrithi cheo, akaikuta nyumba tupu. Orodha aliyoikusudia marehemu ilitoka mwaka 1725.

Wanafalaki wa Mfalme waliendelea kukaa humo hadi mwaka 1948, na tangu mwaka 1960 nyumba hiyo ni makumbusho.

Suala lenyewe halikuhamia makumbusho. Mtafiti wa lugha aliyepewa ofisi na chuo, naye akanunua kinasa sauti kwa mshahara wake, yumo katika hali ile ile. Tena kwake yupo mdai wa tatu, yaani msimulizi aliyenaswa sauti. Yafaa basi anayetoa nyumba atoe na ala, na wahusika wote waandikiane mapema kazi itakuwa ya nani.