Kudurusu kwa Mchezo: Jina na Kazi Yake Darasani

Mtoto wa Rungwe Mpya, kata iliyoko Wilaya ya Kasulu mkoani Kigoma, kwa kawaida huanza na Kiha nyumbani. Kiswahili hukizoea sokoni na shuleni. Kiingereza humjia cha tatu, na humjia kwa chaki. Katika shule za msingi za umma ni somo mojawapo tu, lakini limo katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na mtoto akivuka kuingia kidato cha kwanza Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia karibu masomo yote. Basi siku za mwisho kabla ya mtihani huwa za kukariri: mwalimu anaandika orodha ya maneno ubaoni, darasa zima linaitikia kwa sauti moja, na kesho yake mengi yamesahaulika.

Ipo njia nyingine ambayo walimu wa lugha huitumia kwa wanaoanza: kupitia tena masomo kwa michezo. Njia hiyo inahitaji jina la Kiswahili, na jina lenyewe lina mitego.

Wa kwanza ni "uchezeshaji". Neno hili tayari lina mwenyewe: anayechezesha ni mwamuzi wa mpira, au mwendesha bahati nasibu. "Kuchezea" ni baya zaidi, kwa kuwa anayechezea mtihani anaufanyia mzaha. Hata "mchezo" lina mizigo yake. Kuna mchezo wa kuigiza, kuna mchezo wa kina mama wanaochangiana fedha kwa zamu, na kuna sauti ya mzazi anayekemea: "Mtihani si mchezo!" Jina likitanguliza mchezo, mzazi huyo ataona mwanawe anapotezewa muda.

Walimu wengi husema "marudio". Linaeleweka, ila lina doa. Kurudia darasa ni aibu ya kufeli, na marudio ya kipindi redioni ni kitu kilekile kinachopigwa tena huku msikilizaji amekaa tu. "Kudurusu" ni safi zaidi. Lina mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa darasa na madrasa, na maana yake ni kupitia tena ulichojifunza mpaka kikae.

Ndiyo sababu istilahi inayofaa ni "kudurusu kwa mchezo". Kazi ni kudurusu. "Kwa" inaufanya mchezo kuwa chombo, kama mtu anavyolima kwa jembe. Istilahi hii pia inatenga mambo mawili yanayochanganywa: kulipamba zoezi lilelile kwa pointi na nyota, na kuutumia mchezo wenyewe kuamsha kumbukumbu. Kudurusu kwa mchezo ni hilo la pili.

Mfano ni bingo ya maharage, zao ambalo kila mtoto wa Kasulu analijua. Mwanafunzi anachora daftarini jedwali la vyumba tisa, na katika kila chumba anachora picha moja: jembe, mto, kikapu, mbuzi, nyumba. Haandiki neno lolote. Mwalimu anatamka "hoe". Mwenye picha ya jembe anaweka punje moja ya haragwe juu yake. Anatamka "basket", punje nyingine inawekwa. Atakayejaza mstari wa picha tatu anasimama, anazitaja zote kwa Kiingereza na kutunga sentensi moja. Akikwama, anaondoa punje zake na mchezo unaendelea.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Hakuna neno lililoandikwa la kuangalizia, hivyo mtoto analichota kichwani mwake. Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu kisha wakakisoma tena na wale waliosoma kisha wakajijaribu kukikumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja hali iligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, wenzao asilimia 42. Darasa linaloitikia orodha ubaoni liko upande wa waliorudia kusoma.

Istilahi hii haidai kompyuta. Kahoot, programu ya maswali ya mashindano iliyotoka Norway mwaka 2013, inahitaji intaneti na vifaa. Lakini mwaka 1972 Sebastian Leitner, mwandishi wa lugha ya Kijerumani, alieleza njia ya kadi na sanduku: neno ulilolijua linasogea chumba cha mbele na kuulizwa mara chache, ulilolikosa linarudi chumba cha kwanza. Kadi hizo zaweza kukatwa kwenye boksi la sabuni, na watoto wawiliwawili wakaulizana.

Tahadhari ni moja. Mchezo ukiachiwa wepesi watatu wa mbele, waliobaki hawadurusu chochote, wanatazama tu. Vikundi vidogo na zamu ya kila mtoto ndivyo vinavyolipa jina hili haki yake.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, ndilo lenye dhamana ya kusanifisha istilahi, lakini neno huanza kuishi midomoni mwa wanaolihitaji. Mwalimu wa Kasulu au wa wilaya jirani ya Kibondo anayetumia njia hii na alitaje jina lake kwenye kikao cha wazazi kabla ya mtihani, kisha amwombe mzazi mmoja aketi na wanafunzi kucheza bingo hiyo mara moja.