Shajara Iliyoanza Kuita

Kabla ya kifaa hiki kuwa na skrini, betri au hata jina, kilikuwa kipande cha mbao. Jeff Hawkins, mhandisi wa California, alikikata kitoshee kwenye mfuko wa shati, akabandika karatasi yenye mchoro wa skrini, kisha akachonga kijiti cha kulia chakula cha Kichina kiwe kalamu. Akaanza kutembea nacho. Mtu akimuuliza kama ana nafasi Alhamisi, anatoa mbao mfukoni, anaigongagonga na kijiti, anajifanya anasoma kalenda. Hebu fikiria wenzake walivyomtazama.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya 1990, na Hawkins hakuwa anacheza. Kampuni yake, Palm, aliyoianzisha 1992, ilikuwa imeshiriki kutengeneza kompyuta ya kiganjani iliyoitwa Zoomer. Iliuzwa vibaya. Mwaka huohuo wa 1993 Apple nao walitoa Newton, kifaa kilichosoma mwandiko wa mtu vibaya hadi wachora vibonzo wa magazeti wakakifanyia mzaha. Kila kampuni ilitaka kuchukua kompyuta ya mezani na kuifinya iwe ndogo. Hawkins aliwauliza watu walionunua Zoomer wanaitumiaje, akagundua kwamba mshindani wake hakuwa kompyuta. Alikuwa karatasi. Kidaftari cha miadi na namba za simu, kile ambacho unakifungua kwa sekunde moja na hakikwambii usubiri kinajiwasha. Kama kifaa chako ni polepole kuliko kidaftari, buda, umeshashindwa.

Kumbuka huyu ni mtu ambaye miaka ya 1980 alienda Berkeley kusoma ubongo wa binadamu, pendekezo lake la utafiti likakataliwa, akarudi kwa kazi ya kompyuta. Sisi tulioachana na chuo tunapenda sana hadithi kama hizi, tunazitumiana kama dawa. Lakini yeye alikuwa tayari na digrii ya uhandisi ya Cornell mfukoni, kwa hivyo tusijidanganye sana.

Mbao ikazaa Pilot, 1996. Bei ya modeli ya chini ilikuwa dola 299, na kumbukumbu yake kilobaiti 128. Picha moja ya harusi iliyotumwa leo kwa grupu la familia haiwezi kutoshea humo. Ilitumia betri mbili ndogo za kawaida, zile za rimoti, na zilidumu wiki kadhaa. Badala ya kulazimisha mashine isome mwandiko wako mbaya, Hawkins aligeuza kibao: wewe ndiye ujifunze kuandika kwa namna ambayo mashine inaelewa. Alfabeti yake iliitwa Graffiti, karibu kila herufi mkwaju mmoja. A ilikuwa kama V iliyopinduliwa, bila ule mstari wa katikati. Watu waliijifunza kwa muda mfupi. Halafu kulikuwa na kitako kilichounganishwa na kompyuta: unaweka kifaa, unabonyeza kitufe kimoja, na kila kitu kilichoandikwa huku kinafika kule. Miadi, namba, orodha ya kazi, maandishi mafupi. Basi. Hakuna kingine, na hilo ndilo lililokuwa zuri.

Ushindi huo haukuwanufaisha waanzilishi jinsi walivyotaka. Palm ilikuwa imeuzwa 1995 kwa US Robotics, nayo ikamezwa na 3Com. Mwaka wa 1998 Hawkins, Donna Dubinsky na Ed Colligan wakatoka na kuanzisha kampuni nyingine, Handspring, wakitumia programu ileile ya Palm kwa leseni. Yaani walikuwa wakishindana na mtoto wao wenyewe. Kifaa chao cha kwanza, Visor, kilikuwa na tundu nyuma la kuchomeka vitu: kamera, michezo, na mwishoni mwa 2000, simu. VisorPhone ilikuwa kipande kizima cha simu ya GSM ambacho ulikisukuma ndani ya kalenda yako. Kilikuwa kizito na cha kuchekesha kidogo, lakini ndani yake kulikuwa na swali ambalo bado tunaishi nalo: je, mtu anahitaji vitu viwili mfukoni au kimoja?

Jibu lao lilitoka mapema 2002, na jina lake ni Treo 180.

Haikuwa ya kwanza. IBM na BellSouth waliuza Simon Marekani mwaka 1994, simu yenye kalenda na skrini ya kugusa, na ikapotea sokoni baada ya miezi michache. Nokia walikuwa na Communicator tangu 1996, tofali la karibu gramu 400. Kyocera walitoa simu yenye programu ya Palm 2001. Lakini nikizilinganisha, naona nyingi ni simu iliyobebeshwa kalenda, au kalenda iliyobebeshwa simu. Treo 180 ndiyo ya kwanza ninayoona imefikiriwa kama kitu kimoja tangu mwanzo.

Itazame kwa macho ya mtu anayeitumia. Skrini ya nukta 160 kwa 160, rangi ya kijivu tu. Kumbukumbu megabaiti 16. Juu kuna kifuniko chenye dirisha la plastiki angavu, kwa hivyo unaona aliyekupigia bila kukifungua. Ukikifungua, chini ya skrini kuna kibodi ndogo yenye vitufe kama mbegu za mpapai. Unataka kumpigia mtu? Huandiki namba. Unaandika herufi za kwanza za jina lake, orodha inapungua mpaka anabaki yeye, unabonyeza. Leo hilo halikushangazi hata kidogo, na hapo ndipo unajua walipatia. Mwaka huohuo BlackBerry walitoa simu yao ya kwanza, modeli 5810, ambayo huwezi kuongea nayo bila kuchomeka waya wa masikioni, kwa sababu haikuwa na spika wala kipaza sauti cha kuongelea. Ilikuwa barua pepe iliyolazimishwa kuongea. Ukizishika zote mbili, Treo ndiyo iliyotengenezwa na watu waliowahi kupiga simu.

Kuna jambo moja kuhusu kibodi ile ambalo naliheshimu sana. Handspring walitoa Treo mbili: moja yenye kibodi, nyingine, 180g, yenye Graffiti. Graffiti ilikuwa kazi ya Hawkins mwenyewe, kitu kilichompa jina. Wateja wakachagua kibodi, na Treo zote zilizofuata zikaja na kibodi. Ni wabunifu wachache wanaoweza kuzika uvumbuzi wao bila kelele. (Xerox, kwa upande wao, walikuwa wameshtaki tangu 1997 wakisema mbinu ya mikwaju ni yao, kesi iliisha 2006 Palm ikitoa dola milioni 22.5. Herufi ghali sana hizo.)

Sasa ubaya. Bawaba za kifuniko zilikuwa dhaifu, na Treo 600 ya mwaka 2003 ilikuja bila kifuniko kabisa. Betri ilikuwa imefungiwa ndani, huwezi kubeba ya ziada. Na hapa ndipo penye kasoro kubwa, ile ambayo kwangu inaamua kama kifaa hiki kilistahili kuaminiwa au la.

Katika Pilot na Treo za mwanzo, kila ulichoandika kilikaa kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote. Umeme ukiisha kabisa, kila kitu kinafutika: miadi, namba za wateja, siku ya kuzaliwa ya mama. Kwenye Pilot hatari hiyo ilikuwa ndogo, maana betri zilidumu wiki nyingi na unanunua nyingine dukani. Lakini Treo ilikuwa na redio ya simu inayokula betri usiku na mchana. Kifaa kilijaribu kujilinda: kilijizima kabla moto haujaisha, kikabakisha kidogo cha kulinda kumbukumbu. Sawa. Lakini ukikisahau kwenye droo siku nyingi bila kukichaji, unakiwasha na kinakukaribisha kama mgeni. Ndoa ya simu na shajara ilimfanya mmoja amle mwenzake. Wokovu wako ulikuwa kile kitako na kompyuta ya mezani, ambako nakala ilibaki.

Hapo unaona kifaa hiki kilitengenezewa nani: mtu mwenye ofisi, kompyuta mezani, na umeme usiokatika. Kwa masafa, Treo 180 ingeshika mtandao Nairobi bila shida. Ilitumia GSM ya 900, sawa na Safaricom na Kencell walizoanza kuuza kwa kishindo mwaka 2000. Lakini bei yake Marekani ilikuwa dola 399 ukiwa na mkataba wa kampuni ya simu, na hapa hakukuwa na mtu wa kukulipia tofauti. Huku kwetu watu walikuwa wakikwaruza kadi za kukopesha sekunde na kuflashiana. Namba muhimu zilikaa kwa kidaftari, au kwa kadi ya simu yenyewe. Na Machi 2007, miezi miwili baada ya Steve Jobs kuonyesha iPhone jukwaani, M-Pesa ikaanza, kwa menyu iliyokaa kwenye hiyo kadi, kwa simu yoyote ya mulika mwizi. Hesabu za biashara ya mama mboga zikaingia kwa simu kabla ya kalenda yake kuingia. Kwa hivyo mimi siamini ile hadithi ya kwamba sisi tulichelewa kufika pale Treo ilipokuwa. Tulipitia mlango mwingine.

Swali ninalobaki nalo ni la utulivu. Pilot ilikuwa kimya. Ilikuwa na kengele ya kukukumbusha miadi, ndiyo, lakini miadi uliiandika wewe. Hakuna mtu angeweza kuingia humo bila mkono wako. Siku shajara ilipoanza kuita, muda wako ulipata mlango na watu wengine wakapewa kitasa. Mimi naishi kwa kazi za kuandika za hapa na pale. Mhariri, mteja, mwenye nyumba na rafiki wa zamani anayetaka kukopa wote wanaingia kupitia kioo kilekile nilichoandikia tarehe za kuwasilisha kazi. Nadhani wabunifu wa Treo walilijua hili, maana juu ya Treo 600 waliweka swichi halisi ya kusukuma kwa kidole, kuzima milio yote mara moja, bila kutafuta menyu. Ni swichi ndogo sana. Katika kifaa chote, ndiyo ninayoipenda zaidi.

Mengine yalienda haraka. Povu la kampuni za intaneti lilikuwa limepasuka, Handspring ikakosa pesa, na 2003 ikaungana tena na Palm, nyumbani ilikotoka. Tatizo la kumbukumbu lilitatuliwa 2004 kwa Treo 650, ambayo ilihifadhi data hata betri ikifa kabisa. Ila mfumo mpya ulifanya kila kitu kichukue nafasi kubwa kuliko zamani, watu wakahamisha kalenda zao za miaka na kuambiwa hazitoshi, na Palm ikaishia kuwagawia waliolalamika kadi za kumbukumbu bure. HP waliinunua kampuni 2010 kwa dola bilioni 1.2, na Agosti 2011 wakatangaza kuacha kutengeneza simu zake. Hawkins alikuwa ameshaondoka kitambo, amerudi kusoma ubongo.