Bastola ya mnyonge: sheria ilivyofunga bandari na kufungua viwanda Los Angeles

Machi 30, 1981, Rais Ronald Reagan alipigwa risasi nje ya hoteli ya Washington Hilton. Tarehe hiyo ikifika hukumbukwa utani wake kwa madaktari waliokuwa wakijiandaa kumpasua, na msemaji wake, James Brady, aliyepigwa kichwani akabaki na ulemavu hadi alipofariki mwaka 2014. Bastola iliyotumika haikumbukwi sana. Ilikuwa RG-14, ya risasi ndogo za .22, iliyonunuliwa Dallas katika duka la rehani kwa bei isiyofika dola 50. Kijana John Hinckley alifyatua risasi zote sita kwa muda usiozidi sekunde mbili.

Kwa Wamarekani, RG-14 ilikuwa mojawapo ya “bastola za Jumamosi usiku”, yaani silaha ya bei chee inayonunuliwa na mtu asiye na pesa ya Colt wala Smith & Wesson. Vijana wetu waliokulia kwenye mabanda ya video hawazijui bastola hizi, kwa sababu hakuna shujaa wa sinema anayezibeba. Historia yake, hata hivyo, inafundisha zaidi kuliko ya zile zinazong’aa kwenye mabango.

Walio wengi huianza na sheria ya silaha ya mwaka 1968. Inafaa kurudi nyuma kidogo. Bastola ya mnyonge ilikuwepo tangu hati miliki ya Rollin White juu ya silinda ya risasi ilipomalizika mwaka 1869 na kila fundi wa New England akaruhusiwa kutengeneza yake. Mwaka 1879 jimbo la Tennessee likapiga marufuku uuzaji wa bastola zote isipokuwa zile kubwa zilizotumiwa na jeshi la nchi kavu na la majini. Arkansas ikafuata mwaka 1881. Bastola za jeshi zilikuwa ghali, na wengi wa wasioweza kuzinunua walikuwa watu weusi waliotoka utumwani miaka michache tu kabla. Sheria yenyewe haikutaja rangi ya mtu wala haikuhitaji kuitaja, bei ilitosha kufanya kazi hiyo. Mwaka 1901 Rais William McKinley akauawa Buffalo kwa bastola ya Iver Johnson ambayo muuaji aliinunua kwa dola 4 na senti 50.

Mwandishi Robert Sherrill alitoa kitabu mwaka 1973 kilichobeba jina hilo hilo la Jumamosi usiku, na ndiye aliyelishikilia jambo ambalo wanasiasa wa Washington walipenda lisisemwe. Seneta aliyeisukuma sheria ya silaha ya mwaka 1968 kwa miaka kadhaa, Thomas Dodd, alikuwa wa Connecticut, jimbo la Colt na Winchester. Viwanda vya huko vilikuwa vimechoka kushindana na bastola na bunduki zilizomiminika kutoka Ulaya baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Mwaka 1968 ukaleta misiba miwili, Martin Luther King akauawa Aprili na Robert Kennedy Juni, na Oktoba 22 Rais Lyndon Johnson akatia saini. Bastola ndogo za bei nafuu zikazuiwa zisiingie nchini. Ajabu ni kwamba iliyomuua Robert Kennedy ilikuwa Iver Johnson, mali ya Massachusetts. Haikupita bandari yoyote.

Namna ya kuzuia ilikuwa kwa alama. Maofisa waliipima kila bastola ya kigeni urefu, kimo, uzito, ukubwa wa risasi na vifaa vya usalama, na isiyofikisha alama zilizotakiwa, 75 kwa ile ya kujaza risasi yenyewe, ikarudishwa ilikotoka. Bastola ya kujaza risasi yenyewe ilipaswa kuwa na kimo kisichopungua inchi 4, kama sentimita 10. Kipimo hicho kiliikwaza hata Walther PPK, bastola ya James Bond, ambayo haikuwa ya bei chee hata kidogo. Wajerumani wakaichukua sehemu yake ya juu, wakaivika fremu ndefu ya dada yake, wakaipa jina jipya la PPK/S, ikaingia.

Wengine hawakuhangaika kubadili kipimo. Sheria ilizuia bastola nzima lakini haikuzuia vipuri. Kampuni ya Röhm ya Ujerumani ikafungua tawi Miami, ikaleta vipande na kuviunganisha huko huko. RG-14 ya Hinckley ilipita katika tundu hilo.

Tundu kubwa zaidi lilikuwa la wazi kabisa. Vipimo vilihusu bidhaa za nje peke yake. Mmarekani aliyetaka kutengeneza bastola ile ile iliyokataliwa bandarini aliruhusiwa kufanya hivyo ndani ya nchi bila kuulizwa alama hata moja. Aliyelitambua hilo ni George Jennings, fundi wa Los Angeles aliyekuwa na karakana ya kutengeneza vipuri vya ndege. Inasimuliwa kwamba rafiki yake mwenye duka la rehani alimlalamikia kuwa bastola za bei nafuu zimeadimika na wateja wanazidi kuziulizia. Mzee Jennings akaenda kuchora moja. Mwaka 1970 kampuni yake, Raven Arms, ikaanza kuuza kijibastola cha risasi za milimita 6.35 kinachokaa kiganjani.

Siri ya bei ilikuwa katika chuma, au tuseme katika kukosekana kwa chuma. Ukiondoa mtutu na vipande vichache, bastola ile ilisubiwa kwa mchanganyiko wa zinki. Bastola ya chuma cha pua hukatwa na kuchongwa kwa mashine, kila kipande kikila saa za fundi. Mchanganyiko huo huyeyuka kwa joto lisilofika nyuzi 400 za Sentigredi, humiminwa kwenye kalibu, na kipande hutoka karibu tayari. Majimbo kama Illinois na South Carolina yaliona hapo ndipo pa kubana, yakatunga sheria inayokataza bastola ambayo fremu yake huyeyuka chini ya nyuzi 800 za Farenhaiti. Pengine ni mara ya kwanza wabunge kupima hatari ya silaha kwa jiko.

Biashara ikawa ya ukoo. Mwana, Bruce Jennings, akafungua kampuni yake mwaka 1978. Mkwe, Jim Davis, akafungua Davis Industries mwaka 1982. James Waldorf, rafiki wa Bruce tangu shuleni, akaanzisha Lorcin mwaka 1989. Daktari Garen Wintemute, aliyekuwa akitibu majeruhi wa risasi Sacramento, aliwafuatilia kwa subira ya mtu anayesaka chanzo cha kipindupindu. Katika ripoti yake ya mwaka 1994 aliziita kampuni sita zilizouzunguka mji wa Los Angeles “duara la moto”. Alionesha kwamba mwaka 1992 zilitoa kama theluthi moja ya bastola zote zilizotengenezwa Marekani. Sheria iliyokusudiwa kuiondoa bastola ya bei chee ilikuwa imeipa soko zima, tena bila mshindani kutoka ng’ambo.

Je, zilifaa? Swali hilo ndilo mnunuzi mwenye pesa kidogo aliloliuliza kaunta, na jibu aliloweza kupewa kwa dola zisizofika 100 lilikuwa fupi: hufyatuka. Mara ngapi bila kukwama, hilo lilikuwa jambo jingine. Na hapo ndipo ilipo kesi ambayo, kwa maoni yangu, inaeleza bastola hizi kuliko takwimu zote za daktari.

Aprili 1994, huko Willits, mji mdogo kaskazini mwa California, kijana wa miaka 20 aliyekuwa rafiki wa familia alijaribu kutoa risasi kwenye bastola ya nyumba aliyoikuta. Ilikuwa Bryco, kampuni ya Bruce Jennings, ya risasi za .380. Ili kuvuta sehemu ya juu na kuitoa risasi iliyo ndani ya chemba, ilimbidi kwanza aondoe kizuizi cha usalama. Akakiondoa. Ikafyatuka. Risasi ikampata mtoto wa miaka saba kidevuni, ikampoozesha kuanzia shingoni kushuka chini.

Kwa nini bastola ilazimishe mtu kuondoa usalama wakati anapojaribu kuifanya iwe salama? Mawakili wa mtoto walilichimba swali hili kwa miaka. Jibu waliloliweka mbele ya mahakama ni kwamba mchoro wa awali uliruhusu risasi kutolewa huku kizuizi kikiwa kimefungwa, lakini bastola zikawa zinakwama. Badala ya kutibu kukwama, kiwanda kikabadili mpangilio: sehemu ya juu isivutike mpaka kizuizi kiondolewe. Tatizo likafichika. Ukitaka kujua unafuu ulipatikana wapi, usiangalie zinki, angalia uamuzi huo. Kurekebisha kukwama kungehitaji kazi na pesa, kuhamisha kipande kimoja hakukuhitaji.

Mei 2003 wananchi waliokaa kama baraza la kesi huko Oakland waligawa lawama. Hawakuwasamehe waliokuwa nyumbani siku ile, wakiwamo wazazi, na katika hilo naona walitenda haki. Lakini sehemu iliyomwangukia Jennings na kampuni zake ilikuwa kama dola milioni 24. Kesho yake Bryco ikaomba ulinzi wa mufilisi.

Agosti 2004, mali za Bryco zikapigwa mnada katika mahakama ya mufilisi Jacksonville, Florida, jimbo ambako Jennings alikuwa amehamia. Mtoto yule alikuwa sasa kijana wa miaka 17, kwenye kiti cha magurudumu. Yeye na wakili wake, Richard Ruggieri, walichangisha pesa wakinunue kiwanda chenyewe, si wakiendeshe, bali waziyeyushe maelfu ya bastola zilizokuwa hazijaunganishwa. Mpinzani wao alikuwa Paul Jimenez, aliyekuwa msimamizi wa kiwanda hicho hicho. Upande wa kijana ukafika dola 505,000. Jimenez akataja 510,000. Kwa tofauti ya dola 5,000, kalibu zikabaki mikononi mwa mtu aliyezizoea, jina likabadilishwa kuwa Jimenez Arms, kazi ikaendelea.

Wapo waliomtetea Jimenez wakisema ana haki ya kununua kama yeyote, na mahakama ya mufilisi kazi yake ni kupata bei kubwa kwa wanaodai. Kisheria ni kweli. Ila mdai mkubwa kuliko wote alikuwa yule aliyeshindwa kwa dola 5,000, na yeye alikuwa anataka chuma chakavu tu.

California yenyewe ilikuwa imekwisha amka. Sheria ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Januari 2001, iliacha kuuliza bei ya bastola na kuuliza mambo mawili ambayo mnunuzi yeyote mwenye akili angeuliza. Je, ikianguka kwenye zege kutoka kimo cha mita moja na sentimita moja, inafyatuka? Na je, ikifyatuliwa mara 600, inakwama zaidi ya mara 6? Risasi 20 za mwanzo hazikuruhusiwa kukwama hata moja. Naiona sheria hii kuwa ya haki kuliko ile ya Tennessee na ile ya alama za bandarini, kwa kuwa haimnyimi maskini kwa sababu ni maskini. Inamnyima mwenye kiwanda ruhusa ya kumuuzia takataka. Jimenez akahamia Nevada mwaka 2006.

Wengine walikuwa wamekwisha anguka. Kiwanda cha Raven kiliungua Novemba 1991, Mzee Jennings akastaafu na michoro yake ikachukuliwa na Phoenix Arms. Davis ilifilisika mwaka 1999, mwaka ambao Lorcin nayo ilifunga milango. RG ya Miami ilifungwa baada ya mahakama ya juu ya Maryland kuamua mwaka 1985 kwamba mtengenezaji wa bastola za namna ile anaweza kudaiwa na aliyejeruhiwa nazo. Uamuzi huo ulifutwa na wabunge wa jimbo mwaka 1988, wakaweka mahali pake orodha ya bastola zinazoruhusiwa. Mwaka 2005 Bunge la Marekani likapitisha sheria inayowakinga watengenezaji dhidi ya madai mengi ya uhalifu unaofanywa kwa silaha zao. Kesi za kasoro ya utengenezaji bado zinaweza kufunguliwa. Jimenez Arms iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2020, mara baada ya kushitakiwa na jiji la Kansas City.

Miaka ya karibuni haina visa vya kusimulia sana. Plastiki ngumu iliingia mahali pa zinki, na kampuni zenye jina, kama Ruger na LCP yake ya mwaka 2008, zikashuka kumfuata mteja wa kipato cha chini. Zinki haikutoweka. Hi-Point ya Ohio bado inaitumia kwa sehemu ya juu ya bastola zake, ambazo ni nzito na hazivutii macho, lakini huja na dhamana ya maisha yote, hata kwa aliyeinunua mitumba. Huku kwetu anayetaka bastola huanzia polisi kuomba kibali, bei huja baadaye. Kule mtu huanzia kaunta, na Raven, Lorcin na Bryco zilizotengenezwa kwa mamilioni bado zinakaa kwenye vioo vya maduka ya rehani, viwanda vyake vimekufa na hakuna wa kumrudishia ikikwama.